Puto Lililopaa kwa Uongo

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, Kiberiti alipita nyuma ya kituo cha afya na kuingia katika chumba kidogo chenye kiti kimoja, feni na skrini. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa aliwaka kwa jambo dogo. Akisukumwa, ngumi. Akichekwa, ngumi. "Msikisugue hicho," walitaniana akipita, "kitawaka."

Mtaalamu wa pale, mama mnene mwenye mikono myepesi, alimpaka jeli kichwani na kumbandika vidude viwili vyenye waya. Vidude hivyo vilisoma umeme mdogo sana ambao ubongo wa kila mtu huutoa. Ubongo ukitulia, puto jekundu lilipaa kwenye skrini na kengele ikalia. Ukichafuka, puto lilishuka. Kazi ya mtoto ilikuwa kulitazama na kujifunza, polepole, kinachofanya lipae, ili aweze kutuliza hasira hata nje ya pale.

"Macho wazi, mwanangu," mtaalamu alisisitiza, kisha akaketi nyuma yake na kuinamia mashine.

Siku tano nzima puto halikuinuka. Siku ya sita, kwa uchovu, Kiberiti alifumba macho kidogo, na kengele ikalia. Akafumbua, ikanyamaza. Akafumba tena, ikalia tena. Tangu hapo alama zake zikapanda. Kama kengele imelia, alijiambia, basi imelia. Mtaalamu alimsifu, na mama yake, fundi cherehani, akawatangazia wateja kwamba binti yake amepona.

Jumamosi moja mdogo wake wa miaka minne alichora kwenye daftari lake la hesabu. Hasira zikampanda. Alimpokonya daftari, akaubamiza mlango kwa nguvu zote. Vidole vya mtoto vilikuwa kwenye fremu.

Viwili vilivunjika. Mama hakumpiga wala kumkaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alihamishia godoro la yule mdogo chumbani kwake mwenyewe, akafunga kwa komeo. Kesho yake, bila kumtazama, alimwambia kwamba shule zikifungwa atakwenda kuishi kwa mama yake mkubwa, ambako hakuna watoto wadogo.

Kiberiti hakulia. Mashine inasema nimepona, aliwaza, nami nimevunja vidole vya mtoto. Basi huu si ugonjwa. Ni mimi. Juma hilo alisukumwa kwenye foleni na hakurudisha, si kwa utulivu, bali kwa kuwa hakuona tena faida ya chochote.

Siku ya kliniki alikataa kuketi.

"Usipoteze jeli yako, mama," alisema. "Mimi nimezaliwa mbaya."

Alipomaliza kumsimulia yaliyotokea, mtaalamu hakumbembeleza. Alifungua kumbukumbu za majuma yaliyopita, akazikodolea macho. Siku ya sita mstari wa alama uliruka ghafla. Ubongo haujifunzi hivyo, alisema.

"Ulikuwa unafumba macho?"

"Ndiyo. Kila siku."

Mtaalamu alikiri kwamba naye alikosea. Alifurahia alama, akaacha kumtazama mtoto. "Macho yakifumbwa, kengele hulia kwa yeyote, hata kwa jambazi," alisema. "Hujashindwa, mwanangu. Hujaanza."

Jioni ile Kiberiti alisimama kando ya cherehani na kumweleza mama yake yote. Gurudumu lilisimama. Mama alisema kwamba atangoja shule zifungwe ndipo aamue. Hakuahidi lolote.

Wakaanza upya. Puto lililala chini siku nane. Mara nyingi Kiberiti alitamani kufumba macho, na mara nyingi alitoka pale akiamini ni kazi bure. Siku ya tisa kengele ililia mara tatu, macho yakiwa wazi. Kidogo kidogo akaitambua njia: taya kulegea, mabega kushuka, pumzi kuteremka hadi tumboni.

Kisha siku moja mdogo wake, mkono ungali na bendeji, alimwaga maji juu ya insha yake. Joto likapanda hadi masikioni. Taya likakakamaa, naye akalitambua. Akalilegeza, akatoka nje, akaegemea ukuta mpaka pumzi ikarudi. Mama aliona yote.

Shule zilipofungwa, mama alimwita.

"Utabaki," alisema. "Si kwa sababu ya alama. Ulipodanganya, tulikuwa tunamtibu mtoto asiyekuwapo. Uliposema kweli ndipo kazi ilipoanza." Akamtazama mdogo, aliyeficha mkono mgongoni dada yake alipokaribia. "Huyu bado anakuogopa. Hilo halina mashine. Utalifanyia kazi kila siku, na hakuna atakayekupigia kengele."

Kiberiti aliitikia kwa kichwa. Akaenda kuketi sakafuni, mbali kidogo na mdogo wake, akaweka mikono magotini, mahali ambapo mtoto angeweza kuiona.