Alianika Siri ya Mama Yake Ukumbini, Kisha Akanisingizia Mimi

Nina miaka thelathini na sita, ni muuguzi, mzaliwa wa Bungoma, na hapa Doha nimekaa hadi joto la Agosti halinitishi tena. Wasomaji wenzangu, nimeosha vidonda vya kila aina na sijawahi kuziba pua. Lakini kuna mtu mmoja, msomi, mpole wa sauti, anayenukia marashi toka mlangoni... huyo nikimkumbuka, chakula hakishuki!

Aliniajiri nyumbani kwake Al Thumama nimtunze mama yake, Bibi Salwa. Walikuwa watu wa Baghdad waliokimbia vita vya Iraki. Yeye aliandika riwaya, na kila aliyeingia pale alimwita Ustadhi. Nami nikamwita Ustadhi. Ptuu!

Bibi Salwa miguu ilikuwa imekataa, lakini akili zilikuwa timamu kunishinda. Chini ya kitanda alijaza chupa za maji. Doha hii ambako bomba halikauki! Na kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, nikitoka kwenda kanisani Mesaimeer, alijisukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni, akamwaga bilauri ya maji nyuma yangu. Kwao, anayetoka humwagiwa maji nyuma ya visigino ili arudi salama. Nilifika kanisani pindo limelowa, wenzangu wakinicheka.

Asubuhi moja, nikimchana nywele, aliniambia kwa nini hakosi kuyamwaga.

Wakati wa mabomu, kitindamimba wake Yusuf alitoka kwenda kutafuta mkate. Mabomba ya mtaa mzima yalikuwa makavu. Ndani mlikuwa na ndoo moja tu, na mumewe alikuwa mgonjwa kitandani, anaungua kwa homa. Akashika kikombe... akasita. Akajiambia, leo nisimwage, anakwenda hapo tu karibu. Yusuf hakurudi. Hata mwili haukuonekana!

"Nilimnyima mwanangu kikombe kimoja," aliniambia. "Hakuna ajuaye. Na kaka yake asijue kamwe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sisi wengine tunausikia tu. Nilimkumbatia nikamwapia kwa Mungu. Tangu siku ile hakuniita Nekesa tena. Aliniita binti yangu.

Sikumwambia mtu, haki ya Mungu! Hata mume wangu kwa simu sikumwambia. Tulikuwa wawili tu mle chumbani, na kile kikamera juu ya kabati, ambacho Ustadhi alikibandika ati amwangalie mama asianguke.

Kitabu chake kipya kikatoka. Ikaandaliwa hafla katika ukumbi wa hoteli, wasomi waje watafakari upya jinsi vita vile vilivyobadilisha jamii za Kiarabu na fasihi yao. Ustadhi akataka mama akae mstari wa mbele. Nilimvika abaya mpya na kumpaka wanja. Wee, tulikwenda kama watu wa harusini!

Akasimama kusoma. Kiarabu chake cha vitabuni mimi nakidaka nusu. Lakini maji nayajua. Ndoo naijua. Na Yusuf... hata jina hakulibadilisha! Tena humo kitabuni, mama anamnyima mwanawe maji kwa sababu anataka kuoshea nywele zake. Nywele! Baba mgonjwa kamfuta kabisa. Ili hadithi iume, kamfanya aliyemzaa kuwa mwanamke wa kujiremba huku mtoto anakwenda kufa!

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Bwana mmoja nyuma yetu alifuta machozi akasema sasa ndiyo amevielewa vita. Nilikuwa nimeushika mkono wa bibi. Akanigeukia.

"Binti yangu, ulimwambia?"

Niliapa kwamba sikumwambia. Akauondoa mkono wake.

Kesho yake nilimkabili Ustadhi sebuleni anakunywa chai. Unadhani alikana? Alisema bila haya kwamba alisikia kwenye kamera. Nikamwomba jambo moja tu, amwambie mama yake ukweli. Akatabasamu! Akasema vita ni vya Waarabu wote, na fasihi haiombi ruhusa.

"Vita ni vya wote, Ustadhi," nikamwambia, "lakini Yusuf ni wa mama yake."

Akanyanyuka akaingia chumbani. Nikamshukuru Mungu... mapema mno! Nikiwa mlangoni nilimsikia, kwa ile sauti yake ya asali: "Usimlaumu Nekesa, mama. Aliniambia kwa nia njema."

Nilipiga kelele, nikaionyesha kamera kwa kidole, nikalia. Bibi hakunitazama. Angeamini nani, mwana pekee aliyebakiziwa na vita au mgeni wa mshahara? Kijiko changu kikifika mdomoni alifunga meno. Wiki ile ile nikaondolewa.

Mganda aliyechukua kazi yangu ndiye aliyenipigia simu Bibi alipofariki. Alisema hakuwa akizungumza na mtu. Na Ustadhi je? Msiba haujapoa, anaandika kitabu kingine, kuhusu kifo cha mama! Jamani, mtu wa aina hii ana tumbo gani?

Wasomi wale walibishana vita vimeifanyia nini riwaya. Mimi nimeona vilichofanya ndani ya nyumba. Mtoto anamsikiliza mama yake kupitia mtambo, kwa kuwa miaka yote hajawahi kukaa karibu naye akamuuliza, "Mama, ilikuwaje?"

Ninyi mnaoandika, nawasihi, ombeni ruhusa kwa wenye machozi, na wakikataa, wekeni kalamu chini. Nanyi wenzangu mnaolea wazee wa watu, mzee akitaka kukufungulia moyo, mtoe nje kwanza, hata jua liwe linachoma. Msidharau neno hili. Bibi Salwa alikufa akiamini ni mimi.