Sabufa ya Pili

Elodie aliitika, na hakuna aliyekuwa amemwita. Redio ilikuwa imezimwa, waya wa betri umechomolewa, na mtoto amekaa mbele ya sabufa na sahani yake ya maharagi.

"Niko hapa," akasema.

"Unajibu nani?" mama yake, Kavuo, akamwuliza.

Mtoto akaonyesha sanduku kwa kidole, akaendelea kula.

Sabufa ile ilikuwa zawadi. Nzanzu, mume wa Kavuo, aliuza chumvi na sabuni pale Kalembe, na spika zake mbili ndogo zilimtosha kabisa. Aliyemcheka ni rafiki yake Jérémie, fundi wa redio, baba wa ubatizo wa Elodie. "Muziki bila besi ni bugali bila sombe, kaka." Akamletea sanduku kubwa alilochonga mwenyewe kwa mbao nyekundu za msitu wa Walikale, akakataa malipo. Alitaka neno moja tu.

"Sema aksanti."

Nzanzu akasema, huku akicheka. Na kwaya zilinoga kweli, tusidanganyane, mpaka majirani wakawa wanakuja kusikiliza bila aibu.

Kisha ikaanza kunguruma yenyewe. Ilileta harufu ya udongo mbichi na nyama ya moshi. Waliitoa nje kwenye mvua. Asubuhi wakaikuta ndani, kavu. Elodie akaacha kula, akawa anaitikia mchana kutwa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na Kavuo akimwekea mkono kifuani alisikia moyo wa mtoto ukipiga kwa kufuata ule mngurumo.

Mahali pamoja tu palinusurika. Kwenye kona ya nyuma, kwenye magunia ya maharagi, besi haikufika. Kavuo alitandika mkeka pale, na Elodie akalala usingizi wa kweli. Siri hiyo Kavuo alimwambia mtu mmoja, kwa sababu ndiye aliyejua mambo ya sauti, na ndiye aliyemshika mwanawe kwenye maji ya ubatizo.

Jérémie akaja, akaitazama ile kona.

"Sabufa moja inaachaka mashimo mu nyumba, Mama Elodie. Fasi ingine besi iko mingi, fasi ingine hakuna. Tuongeze ya pili. Mbili zitapigana, hiyo sauti itakufa."

Akaileta ya pili, ya mbao zilezile. Akaondoa mkeka, akaiweka penyewe kwenye ile kona.

"Sema aksanti."

Kavuo akasema. Alisema kwa moyo wote, maskini.

Mafundi husema kweli: sabufa ya pili huziba mashimo. Jioni ile mngurumo ukaenea nyumba nzima, chini ya vitanda, ndani ya masufuria, kwenye magunia, kwenye meno ya Kavuo alipoyakaza asilie, na kila alikomkimbiza mtoto, jikoni, mlangoni, nyuma ya kabati, ulikuwa umeshatangulia kufika, sawa huku na kule, ukiita jina moja, na mtoto akijibu kwa midomo tu, bila sauti, macho yamegeuka.

Walimwita Mama Agathe, mganga wa Walikale, mwenye rozari shingoni na dawa za mababu mfukoni. Alinusa mbao, akarudi nyuma.

"Wawindaji wanaogopaka kukata huu muti. Iko na mwenyewe." Alinong'ona. "Na yeye haingie kwa muntu kama hawakumupokea na mikono na aksanti. Nani alikupatia?"

"Parrain wa mutoto, baba yake wa batizo."

"Na kwake, nani alipona?"

Kavuo akakaa chini. Nadine, binti wa Jérémie, alikuwa hoi tangu msimu wa kupanda, parokia nzima ikimwombea, na aliinuka wiki ileile sabufa ilipokuja. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, akapona yule aliyemfukuza. 

Mama Agathe aliichoma ile ya pili. "Hii ilikuwa kinywa tu. Ya kwanza njo iko na yeye ndani. Mumurudishie ule aliyeileta, apokee."

Kavuo akaifunga mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani, kama kuni. Nzanzu akambeba Elodie. Jérémie alikuwa uani kwake, akawaona kwa mbali, hakukimbia.

"Papa Nadine, pokea kitu yako," Kavuo akasema, akimgeuzia ubavu alifikie sanduku. "Sema aksanti."

"Unisamehe, Mama Elodie. Mutoto wangu alikuwa anakufa."

"Na huyu? Hukumushika wewe pa batizo?"

Jérémie akanyoosha mikono. Sanduku likanguruma mara moja, taratibu, na mikono ikarudi. Nadine akatoka ndani akitabasamu, kwa kuwa aliwapenda wageni. Baba yake akamshika mabega, akamsukuma mbele.

"Nadine, pokea zawadi."

Kavuo alishangaa mpaka akasahau chuki yake. Angeweza kugeuka, kumnyima sanduku. Lakini Elodie alikohoa begani mwa baba yake, kikohozi chembamba, na Kavuo hakugeuka. Vidole vya Nadine vikagusa mbao.

"Aksanti, Mama."

Kamba ikalegea kichwani, sanduku likateleza hadi miguuni pa Nadine. Elodie akainua shingo. "Mama, niko na njaa."

Wakaondoka upesi, Kavuo akilia bila kujificha. Nyuma yao ua ulikuwa kimya, hakuna aliyemwita mtu.

"Niko hapa," Nadine akasema.