Apeli ya Amerika

Kabla ya mapambazuko, komeo la mlango wa Tata Mukuna lililia: kra. Kimya kidogo. Halafu kra tena. Stéphanie aliisikia sauti hiyo akiwa bado chini ya blanketi. Tangu kaka yake Barnabé auawe kwa risasi karibu na uzio wa mgodi, baba yao, mzee Mukuna, aliamka hivyo kila siku, akafungua mlango, akatazama barabara tupu, kisha akaufunga. Stéphanie aliinuka na kumwekea kikombe cha chai pale ambapo mkono wake ungekifikia.

Kesho yake, Jumamosi, Rémy, mchumba wake, alitakiwa kuja kujitambulisha kwa baba huyo. Na Stéphanie hakujua tena kama anataka aje.

Walikutana mwanzo wa mvua, katika soko kubwa la Kolwezi. Stéphanie ni mshonaji. Siku hiyo alikuwa amekumbatia furushi la vitenge vya wateja wake, na mvua ikaanguka kwa ghafla. Kijana mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, viatu vikiwa vyekundu kwa tope, alifungua mwavuli na kuuweka juu ya furushi.

"Eh, na mi?" Stéphanie alilalamika, maji yakimtiririka usoni.

"We utakauka, mama. Ile bitenge ikichuja rangi, nani atakutuliza?"

"Unajua kusema!"

"Nafundisha ba shofere ba makamyo Kiingereza. Kusema njo kazi yangu."

Yeye mwenyewe alikuwa ameloa kuliko wote. Stéphanie aliona hilo, na akalikumbuka usiku alipolala.

Jina lake lilikuwa Rémy Kankolongo. Kila siku saa sita alimpigia simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Bukari na sombe."

"Na mi, uliniwekea?"

"Kuja uone sufuria. Inang'aa!"

Tata Mukuna hakufurahia jina Kankolongo, jina la watu waliotoka mkoa wa Kasai. "Batu ba Kasai," alisema, "siku moja banaenda. Utabaki na nani?" Stéphanie alimjibu kwamba Rémy alizaliwa Kolwezi, na mama yake pia.

Halafu ikaja ile siku ya samaki. Walikuwa wanakula pamoja katika mkahawa mmoja karibu na soko, na Rémy alikuwa anamtolea miiba, kipande kwa kipande, akiipanga pembeni ya sahani yake mwenyewe. Simu yake ilitetemeka. Alitazama jina, akainuka haraka, akaenda nyuma ya ukuta. Stéphanie naye alikwenda kunawa mikono, na bomba lilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo.

"Annie, tuliza roho," Rémy alikuwa ananong'ona. "Tungojee apeli. Apeli ya Amerika ikikuja muzuri, yote itabadilika. Hapana, Stéphanie hajui. Nitamwambia kisha ndoa, tukisha kuoana."

Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Nani alikuita?" Stéphanie aliuliza.

"Mutu wa kazi."

Stéphanie alisukuma pembeni samaki aliyekwisha kutolewa miiba.

Yolande, rafiki yake aliyeshona kwenye cherehani ya pili, aliposimuliwa alicheka mpaka akaangusha pini. "Annie! Anangojea apeli yake, simu yake, na we uko nashona kanzu ya ndoa! Dada, huyo eko na bibi Amerika, ameshaoa. Siku bibi atatuma visa, utabaki na mimi na hii mashine."

"Nyamaza, Yolande."

"Nimenyamaza. Lakini macho yangu inasema."

Tangu hapo Stéphanie alitazama kila kitu upya. Kwa nini Rémy aligeuza simu kifudifudi mezani? Kwa nini alimtaja "mudogo wangu wa mbali" bila kusema jina wala nchi? Kwa nini nyumbani kwao watu walikatiza maneno yeye alipoingia? Saa sita simu ililia, akaiacha. Ililia tena, akajibu.

"Chérie, ju ya nini haujibu?"

"Nangojea apeli."

"Apeli ya nani?"

"We njo unajua."

Stéphanie akakata simu.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo, baada ya kumwekea baba chai, alivaa kitenge chake cha manjano chenye ndege wa bluu, akafunga kilemba kwa nguvu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Mbelu, mama yake Rémy. Mama huyo hakuuliza sababu ya uso ule. Alimpa kigoda chenye kivuli, akabaki yeye juani, akamletea maji.

"Mama, Annie ni nani?"

"Annie? Mutoto wangu wa mwisho! Mudogo wa Rémy. Eko Amerika."

Stéphanie alishika kikombe kwa mikono miwili. "Na apeli yake? Ile Rémy anangojea?"

"Ah." Mama Mbelu aliketi chini polepole. "Haiko ya telefone, mama. Ni apeli ya tribinali. Rufaa."

Akamweleza. Annie ana duka dogo huko, anauza unga wa muhogo na vitenge, na analala palepale nyuma ya duka, peke yake. Wezi waliingia, wakamfunga kamba. Aliomba ruhusa ya kuwa na bunduki. Serikali ya jimbo ikamwambia ruhusa hiyo ni ya raia tu, na yeye bado hajapata uraia. Akaishitaki. Jaji wa kwanza alisema Annie ana haki, serikali ikakata rufaa, na sasa kesi iko mbele ya majaji wakubwa.

"Katiba yabo inasema batu beko na haki ya kushika bunduki. Sasa banauliza kama Annie eko katika ile 'batu'." Mama Mbelu alicheka kidogo, bila furaha. "Hata siye, hapa, balituuliza vile, wakati ule balitupandisha treni, balifukuza ba Kasai bote. Mi nilirudi. Nilizaliwa hapa, nitaenda wapi?"

"Basi ju ya nini mulinificha?"

"Ju ya Barnabé. Mbele ya kuja kwako mara ya kwanza, Rémy alituambia: ile neno bunduki, musiseme mbele yake. Angalia."

Alionyesha kabati kupitia mlango uliokuwa wazi. Juu kabisa, nyuma ya masanduku, ulionekana mtutu wa bunduki ya plastiki. "Ya bajukuu. Tuliificha, balilia siku nzima."

Rémy aliingia wakati huo, daftari za wanafunzi kwapani. Alimwona Stéphanie, akasimama.

"Uliniambia mutu wa kazi," Stéphanie alisema.

"Nilikudanganya. Niliogopa. Mudogo wangu anaomba bunduki mbele ya majaji, na mi njo namutafsiria mama zile makaratasi. Nikasema, ukijua, utakimbia."

"Mi nilisema uko na bibi Amerika."

"Bibi? We mumoja tu unanishinda!"

Kicheko kilimtoka Stéphanie kabla hajakizuia. Kisha akafuta macho. "Mi sipendi bunduki, Rémy. Hata ya Annie."

"Hata mi. Lakini yeye njo analala kule."

"Kesho utaisema mbele ya baba. Kwa kinywa chako. Kama ni kisha ndoa, ndoa hakuna."

Jumamosi Rémy alikuja na mama yake. Alivaa koti la bluu, na jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na upepo. Alisema yote, na neno bunduki alilisema wazi. Mikono ya Tata Mukuna ilitulia juu ya magoti.

"Ule alipiga mutoto wangu risasi," mzee alisema mwishowe, "alikuwa na ruhusa ya bunduki. Karatasi yake ilikuwa muzuri kabisa."

"Ndiyo, tata," Rémy alisema.

"Mudogo wako eko na woga?"

"Sana."

"Na majaji balisema nini?"

"Bado, tata. Tunangojea."

Mzee alimtazama Mama Mbelu, mwanamke aliyezaliwa mji mmoja na yeye. "Banaweza kumunyima bunduki," alisema taratibu. "Mi ningemunyima. Lakini kumuuliza kama eko katika batu..." Alitikisa kichwa. Halafu akamgeukia Rémy. "Bado sijakupa Stéphanie."

"Najua, tata."

Stéphanie alisimama karibu na ukuta, akisubiri. Baba yake aliinuka, akawatangulia wageni, akavuta komeo. Kra. Wakatoka. Barabara ilikuwa imejaa watu na vumbi jekundu, na mzee hakuitazama. Alimtazama Rémy.

"Siku majaji batasema, uje uniambie."

"Nitakuja, tata."

Walikwisha kupiga hatua chache waliposikia mzee anawaita. Mlango ulikuwa bado wazi nyuma yake.

"Lakini musingojee majaji. Mama Mbelu, mulete huyu kijana kesho, Jumapili. Mukuje tena."