Mita Thelathini na Moja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Akpene alikuwa na kazi tatu: kufagia ua wa bibi yake, kumwagilia matuta ya vitunguu, na kwenda ufukweni na daftari la chuo kikuu. Mbili za kwanza alizifanya kwa sababu mama yake angeuliza. Ya tatu aliifanya kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye jalada.

Daftari lile alilileta Selasi, mtafiti kijana kutoka chuo kikuu huko Accra. Mwaka uliopita alikuja Gbedzekope, akachimbia nguzo ya chuma yenye rangi nyekundu mchangani, mbele ya nyumba ya bibi. Chuo kilitaka kujua jinsi pwani inavyobadilika mwezi hadi mwezi. Akpene alikuwa wa kwanza kwa hesabu darasa la sita, kwa hiyo mwalimu mkuu, Mwalimu Agbeko, akamchagua.

Alitakiwa kupima mara mbili. Kwanza, kutoka kwenye nguzo hadi ukingo wa mchanga uliokatwa na mawimbi. Kisha, kutoka kwenye nguzo kwenda nyuma hadi kisima cha vitunguu. Kila mwisho wa mwezi Mwalimu Agbeko alipiga picha za kurasa na kuzituma chuoni kwa simu.

Upande wa bahari ulikuwa rahisi. Upande wa kisima ulikuwa kero tupu. Utepe wa kupimia ulikuwa wa mita ishirini tu, kwa hiyo ilibidi achomeke kijiti njiani, arudi, aanze tena, akanyage matope ya matuta na kubwekewa na mbwa wa jirani. Majuma manne alipima, na majuma yote manne alipata thelathini na moja.

Juma la tano alijiuliza, "Nguzo haina miguu. Kisima hakina miguu. Mimi nahangaikia nini?" Akaketi kwenye ngazi ya bibi, akaandika 31. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tangu siku hiyo aliandika 31 kila Jumamosi, kwa mwandiko mzuri wa kunyooka.

Upande wa bahari namba zilishuka. Kumi na mbili, kumi, saba. Mwezi wa Juni mawimbi yalikuja na nguvu, yakabomoa matanuri mawili ya kukaushia samaki ya mama yake, Enyonam. Mama hakulia. Alisimama mchangani mikono kiunoni, akaitukana bahari hadi sauti ikamkauka.

Jumamosi ya juma lile, kutoka kwenye nguzo hadi ukingo zilibaki mita tatu tu.

Sasa, watu wa Gbedzekope hawaiachii bahari kitu kinachobebeka. Ikikaribia, wanang'oa milango, fremu na mabati, wanasogea nyuma na kujenga upya. Mlango wa Bibi Abla ulikuwa umehamishwa mara tatu tangu aolewe. Kwa hiyo alipoona nguzo nyekundu inakaribia kuanguka, aliwaita wavuta nyavu.

"Ing'oeni mniwekee huku, kando ya jiko langu," aliwaamuru. "Chuma cha watu kisije kikazama mbele ya mlango wangu, nikaulizwa."

Jumamosi iliyofuata Akpene aliikuta nguzo imesimama kando ya jiko.

"Bibi, umeiokoa!"

"Ningeiacha? Kwani sina akili?"

Akpene akacheka, akapima kwenda baharini. Mita kumi na mbili. Akaandika 12. Pembeni yake, bila kunyanyua mguu kwenda kisimani, akaandika 31.

Mwezi wa Septemba Selasi alirudi. Kijiji kizima kilikusanyika darasani, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba serikali itajenga ukuta wa mawe kuzuia bahari, na vijiji vitakavyopewa ukuta vitachaguliwa kwa vipimo vya chuo. Akpene aliketishwa mbele. Mwalimu Agbeko alimsifu kwa bidii yake, na Selasi akampa mkoba mpya wa shule wa rangi ya bluu. Watu wakapiga makofi. Kisha Selasi akafungua karatasi, na makofi yakakatika.

"Gbedzekope haimo kwenye orodha," alisema.

"Sema tena," alisema Dotse, kiongozi wa wavuta nyavu.

"Haimo. Mwaka jana, kutoka kisimani hadi ukingo wa bahari palikuwa na mita arobaini na tatu. Ardhi ilipungua, kweli, lakini mwezi Juni bahari ilirudisha mchanga. Kumi na mbili jumlisha thelathini na moja, ni arobaini na tatu zilezile. Sasa hivi zipo arobaini na moja. Kuna vijiji vyenye hali mbaya zaidi."

Darasa lililipuka.

"Imerudisha nini?" Mama Enyonam alisimama hadi kiti kikaanguka. "Matanuri yangu mawili yamo majini! Imeyarudisha wapi, kwenye karatasi yako?"

"Mama, mimi nasoma vipimo..."

"Soma macho yangu!"

"Usiku njoo ulale chumbani kwangu, baba," alisema Bibi Abla. "Wimbi likipiga, kitanda kinaruka. Mara tatu nimebeba mlango wangu. Safari hii niupeleke wapi? Nyuma yangu kuna vitunguu, na nyuma ya vitunguu kuna ziwa la chumvi. Niuweke kichwani?"

Dotse alikuwa tayari amemfikia Selasi, ameshika kamba ya begi lake. "Tunaenda kuing'oa nguzo yako sasa hivi," alisema. "Tutaitupa baharini, na wewe utaifuata."

"Dotse, mwachie!" alifoka Mwalimu Agbeko.

"Mwongo huyu! Amelipwa atudanganye!"

Akpene alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa amekasirika kuliko wote, tayari kupiga kelele naye. Lakini namba zile zilikuwa zimemkwama kichwani. Thelathini na moja. Nguzo sasa ilikuwa kando ya jiko la bibi. Ingewezaje kuwa mbali na kisima vilevile?

Ndipo akaelewa. Kipimo cha kisimani kiliwekwa ili kionyeshe kama nguzo imehama. Na yeye hakukipima.

Aliukumbatia mkoba mpya. Angenyamaza, nani angejua? Wote walikuwa wanamtazama Selasi. Kisha akamwona bibi yake akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa, bila kutoa sauti.

"Mwachieni!" alisema. Hawakusikia. Alipanda juu ya dawati. "Mwachieni! Hajadanganya! Ni mimi!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Thelathini na moja nimeitunga," alisema, na machozi yakamtoka. "Sijapima kisimani tangu juma la tano. Na nguzo ilihamishwa mwezi Juni, mimi nikaandika vilevile."

"Ilihamishwa?" Selasi aligeuka. "Na nani?"

"Na mimi," Bibi Abla alijibu kwa ukali. "Kwani kosa? Ningeiacha izame?"

Mama Enyonam alifika kwenye dawati. Alimshika binti yake mkono, akamteremsha, akatoka naye nje kwa hatua ndefu, na kijiji kizima kikafuata. Walipofika kwenye nguzo, alimtupia utepe.

"Pima."

Akpene alipima huku watu wamemzunguka. Alichomeka kijiti kwenye mita ya ishirini, akarudi, akaanza tena. Mbwa alibweka. Matope yalimfika vifundoni. Hakuna aliyemsaidia.

"Ngapi?" aliuliza mama.

"Ishirini na mbili."

"Sikukusikia."

"Ishirini na mbili!"

Kwenda baharini zilikuwa kumi. Selasi alijumlisha, uso ukamshuka. Thelathini na mbili. Gbedzekope ilikuwa imepoteza mita kumi na moja kwa mwaka mmoja. Hakuna kijiji kingine kwenye karatasi yake kilichopoteza kiasi hicho.

"Umeona ulichokifanya?" Dotse alimwambia Akpene. "Tulitaka kumpiga mtu wa watu kwa sababu yako."

"Wewe ulitaka kumpiga," alisema Mama Enyonam. "Hakuna aliyekutuma, na utamwomba radhi." Kisha akamgeukia Selasi. "Na wewe usijifiche nyuma ya mtoto wangu. Karibu mwaka mzima hujakanyaga hapa. Unapangia watu nyumba zao kwa picha za simu? Ungekuja mara moja tu ungeiona nguzo kando ya jiko."

Selasi alitazama chini. "Kweli, mama. Nilipaswa kuja. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha. Andika. Orodha inafungwa lini?"

"Ijumaa."

"Leo Jumatano. Kaa hapo, andika."

Aliandika palepale, juu ya ndoo iliyofunikwa, Mwalimu Agbeko akiwa shahidi. Bibi Abla alieleza siku nguzo ilipohamishwa, na Akpene akatia saini chini ya maneno yaliyosema kwamba namba zake za kisimani tangu juma la tano hazikupimwa. Barua iliondoka jioni ileile.

Usiku ule mama aliweka mezani akple, ugali wa mahindi na muhogo, pamoja na samaki, akala. Alipomaliza, aliuchukua mkoba wa bluu.

"Huu unarudi kwa mwalimu mkuu."

"Ndiyo, mama."

"Sikiliza. Nimekasirika, na kesho nitaamka nimekasirika. Lakini leo ulipanda dawati ukasema, na hilo nimeliona. Ulidhani umeruka kazi ndogo. Hukuiruka. Uliandika kwamba umeifanya, na mtu aliye mbali akaamini, akapanga maisha ya bibi yako kwa mwandiko wako mzuri. Hukupima, acha nafasi wazi. Mtu akiona nafasi wazi atauliza. Akiona namba haulizi kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi osha vyombo."

Majuma matatu baadaye orodha mpya ilitoka, na Gbedzekope ilikuwa ya pili. Malori ya mawe yalifika baada ya mwaka mpya. Bibi Abla alikagua mawe ya kwanza kama anayenunua samaki, akasema ni madogo, lakini akayapokea. Mlango wake ulibaki mahali pake.

Akpene hakunyang'anywa daftari. Mama yake ndiye aliyekataa lichukuliwe. Kila Jumamosi alipima kwenda baharini, kisha akachomeka kijiti, akarudi, akakanyaga matope, akabwekewa na mbwa.

"Ngapi?" mama aliita kutoka kwenye tanuri lake jipya.

"Ishirini na mbili!"

"Kama juma lililopita?"

"Kama juma lililopita!"

"Na umefika kisimani?"

Akpene alichota maji ya kisima, akamrushia mama yake toka mbali, ingawa hayakumfikia.

"Hayo ni ya wapi?" alijibu.