Ukurasa wa Sitini na Mbili

Saa tatu na dakika arobaini na nane asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu yake.

"Mteja ataidhinisha rasimu saa nne na robo. Bidhaa isitoke kabla."

Mteja alikuwa Mkuu wa Idara. Rasimu ilikuwa hati ya hakimu ya kukamata. Bidhaa ilikuwa lori jeupe lililokuwa likipakiwa uani, na ratiba ukutani ilisema linaondoka saa nne kamili.

Alitakiwa kulichelewesha dakika kumi na tano. Akiwa peke yake.

Wafanyakazi wa ghala lile la dawa walimpachika jina la Bi Dodoso, maana kwa siku sita alizunguka na ubao wake wa bati na karatasi za maswali ya kuchosha hata maiti. Mkurugenzi alimwajiri aandike ripoti ya utafiti wa biashara, ripoti nono ya kuwashawishi wakubwa wa wizara wampe kazi ya kusambaza chanjo zote za watoto. Hakujua amejiletea jasusi. Na tuseme haki, ripoti alizijua. Zilimlisha miaka tisa kabla Idara ya upelelezi haijamchukua.

Chupa moja ya chanjo za ghala lile ilinaswa mwezi uliopita, ikakutwa na maji ya chumvi. Kilichokosekana ni karatasi ya kumbana mkurugenzi mwenyewe.

Aliipata jana, akipanga viambatisho. Rejesta ya joto ya chumba baridi cha kwanza ilisoma tatu, tano, nne, sita, kama chumba kinachofunguliwa na watu. Cha pili kilisoma nne.

Nne. Nne. Nne.

Siku tisini, kila saa, nne. Hata siku umeme ulipokatika kutwa nzima na jenereta likagoma. Mtu alijikalia mezani akajaza tu. Alipousukuma mlango wa chumba chenyewe, hewa iliyomkuta usoni ilikuwa ya moto.

Aliyaweka majedwali yote mawili ukurasa wa sitini na mbili, bila neno. Mkurugenzi alisoma muhtasari peke yake, ukurasa mmoja wa sifa zake, akachekelea. Viambatisho alivitia sahihi bila kuvitazama, akaituma ripoti wizarani kwa mkono wake. Nakala ikamfikia Mkuu.

Simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, saa tano nampeleka mtoto sindano. Wanasema mzigo mpya unaingia leo. Wewe endelea na hizo ripoti zako zisizosomwa na mtu."

Alitamani kumwambia asithubutu kutoka nyumbani. Lakini simu zote za mle ndani zilisikilizwa, na hata kama angemwokoa huyu mmoja, wale wengine kwenye foleni wangeokolewa na nani?

"Mbusu kwa niaba yangu," akasema, akashuka ngazi mbilimbili.

Saa nne kasoro dakika moja. Injini ilikuwa inanguruma.

Dereva, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, hakujua amebeba nini. Bi Dodoso alisimama mbele ya lori, akainua ubao.

"Samahani kaka. Maswali arobaini. Ripoti haikamiliki bila maoni yako."

Dereva alimkodolea macho. Kisha akazima injini.

"Miaka kumi na moja niko hapa," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza chochote. Panda ukae."

Weee, alikuwa na ya kusema! Swali la tatu, barabara. Swali la tisa, kiti kilichomuua mgongo. Swali la kumi na nne alilijibu na historia ya ndoa yake, na Bi Dodoso akaandika yote.

Aliitupia jicho saa yake ya Casio: zimebaki dakika tano.

Mkurugenzi akatokea mlangoni. Mtu wa wizara alikuwa amempigia simu kuuliza, kwa upole kabisa, mbona chumba kimoja hakijui umeme ukikatika. Sasa alitembea taratibu, faili mkononi, na chini ya faili mdomo wa bastola ya Glock.

"Ukurasa wa sitini na mbili," akasema. "Shuka."

Alishuka. Ubao ulibaki mkononi.

"Na wewe, washa gari uende."

"Bosi, tumebakiza maswali machache," dereva akajibu.

Mkurugenzi aligeuza shingo. Kufumba na kufumbua.

Ukingo wa ubao ulimkata kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Goti likamfuata tumboni, na bosi akalala kifudifudi juu ya ripoti yake mwenyewe.

Land Cruiser mbili ziliingia getini saa nne na dakika kumi na sita. Mkuu alishuka na hati, akatazama chini, akatikisa kichwa tu.

Bi Dodoso alimgeukia dereva. "Swali la arobaini. Una maoni mengine?"

Dereva alimtazama bosi wake akitiwa pingu. "Sina, dada."

Bi Dodoso alitoka getini kwa miguu, ubao kwapani, akampigia mdogo wake.

"Usiende leo. Mzigo hauji. Subiri mwingine."

"Umejuaje?"

"Nimesoma kwenye ripoti."

Mdogo wake alicheka sana. Nyuma yake mtoto alisikika akilia, mzima wa afya.

"Kumbe kuna anayezisoma?"

"Mmoja anatosha," akasema, akavuka barabara.