Salama ya Mlinzi-kifua

Jijini Tanga, kwenye ukuta wa Kituo cha Walinzi-kifua, Ubao wa Uhai ulikuwa unawaka kijani kitupu. Kila taa ni mzee mmoja, na kila mzee ana mlinzi-kifua, kidude kilichopachikwa chini ya ngozi, kinachosikiliza moyo na kujibu kituo kinapoulizia hali. Mzee akizidiwa, taa inageuka nyekundu na gari la wagonjwa linajiendesha lenyewe hadi mlangoni kwake. Lakini tangu joto lianze hakuna taa iliyogeuka, na Mhandisi Rukia Semboja hakuupenda ukijani ule hata kidogo. Wazee wa mji mzima, asiumwe hata mmoja?

Leo alikuwa amemwita shangazi yake, Bi Mwanamvua. Midomo imempauka, jasho linamtoka ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na taa yake ni kijani.

"Shikamoo shangazi. Unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama tu. Umenitoa jikoni kwa lipi?"

Rukia akambandika kifuani kigusio cha kuongea na kidude. Waya wake uliingia kwenye lango la mfuatano la kompyuta, ambamo herufi hupita moja moja, kwa foleni. Skrini ikajaa takataka.

Mkuu wa kituo, Bwana Chamshama, alisimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mtambo huo ni mzima, haujaharibika. Unatafuta nini?"

"Namtafuta anayejibu."

Moyoni alishamhukumu: bwana huyu ameweka majibu ya uongo ili asisumbuliwe.

Takataka zile maana yake pande mbili zinaongea kwa kasi tofauti. Akapunguza kasi ya kompyuta, herufi zikatulia. Akauliza: HALI? Likaja jibu: SALAMA. Akachomoa waya, akauliza tena. Kimya. Akachomeka. SALAMA. Basi anayejibu si Chamshama. Ni kidude chenyewe, na hilo likamtisha zaidi.

Ndipo akaona taa ya kupokelea ya kompyuta bado inapepesa. Neno limekwisha, lakini kuna kitu bado kinaongea.

"Mkuu, nani aliamuru laini ikatwe baada ya neno la kwanza?"

"Mimi, joto lilipoanza. Wazee wote wakiachiwa waongee, mtandao utazidiwa."

Rukia akaifuta amri ile, akauliza upya.

SALAMA. ILA MAPIGO YANARUKA. ILA NI TANGU JUZI, NA NIMESHASEMA.

Sasa akaelewa. Mlinzi-kifua hujifunza kuongea kutoka kwa mwenye kifua, na wazee wamekifunza kidude adabu yao: mtu huanza na salama, shida zinafuata baadaye. Kituo hakikuwahi kungoja hiyo baadaye.

Akapiga magoti. "Shangazi, salama, ila?"

Bi Mwanamvua akainamisha macho. "Ila kifua kinanibana, mwanangu. Sikutaka kuwasumbua."

Rukia akaita gari, kisha akafungua laini za mji mzima. Taa nyekundu zikaanza kuwaka mtaa wa Ngamiani, zikasambaa. Chamshama akasogea kwenye skrini, akasoma jibu lililotoka Makorora, kwa Mzee Mbaruku.

SALAMA. ILA MOYO UMESIMAMA. ILA NI TANGU JUMAPILI.

"Huyu anaishi na nani?" akauliza.

"Peke yake," Rukia akasema. "Ndiyo maana tulimwekea mlinzi."