Picha ya Saa Sita Mchana

"Futa hiyo picha, Priska."

"Sifuti."

"Nakuomba kwa upole. Kundi zima la kamati ya harusi limeshaiona. Mwenyekiti kanipigia, bosi kanipigia, hata mama yangu kanipigia."

"Kama wote wameshaiona, kuifuta kutasaidia nini?"

Ebenezer akakata simu. Priska akaitupa ya kwake kitandani, akakaa sakafuni na kuegemea ukuta. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi ya wiki inayofuata alitakiwa kufunga ndoa na mwanaume huyo huyo, na alikuwa anampenda. Tuseme kweli mapema, tusije tukadanganyana mbele ya safari: alimpenda hasa, mapenzi yale ya kuichekea simu peke yako ukiwa kwenye foleni ya benki.

Priska alikuwa mtoto wa mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, mpiga picha. Harusi za watu ndizo zilizomlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nchi kavu. Wageni wakija Dodoma hulalamika: vumbi, mawe, miiba, hakuna hata jani. Priska alivipenda vyote hivyo na hakuona haya kusema. Aliondoka nyumbani alfajiri na kamera yake kwenda kulisubiri jua lichomoze, akarudi porini jioni kulisindikiza likizama. Majirani walimsema weee, wakachoka. Mchana alilala. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia saa sita mwanga unapiga utosini, vivuli vinakufa, na picha inatoka kama ukuta uliopakwa chokaa. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuwahi kuinua kamera yake jua likiwa kichwani.

Ebenezer alimpata kwenye harusi ya rafiki yake, yeye akiwa msimamizi wa bwana harusi na Priska akihangaika kuwapanga mashangazi wakae vizuri kwenye picha. Kijana alikuwa muuza viwanja wa kampuni moja ya mjini, na tangu serikali ihamie Dodoma nani asiyetaka kiwanja? Alikuwa na yale maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Lakini pia alimbebea Priska mkoba wa kamera bila kuambiwa, alikaa naye kwenye baridi la alfajiri bila kunung'unika, na alimnunulia lenzi aliyokuwa akiiangalia kwenye simu mwaka mzima. Mwanamke gani asingeyeyuka?

Siku ya kumvisha pete alimpeleka mbugani, kwenye tambarare kavu njia ya kwenda Bahi, giza halijatoka. Jua lilipochomoza, ardhi iliyopasuka ikawaka rangi ya mkate uliotoka tanuri. Ebenezer akapiga goti. Priska akalia, akacheka, akaupiga picha mkono wake wenye pete, na nyuma yake tambarare yote ile inang'aa mpaka macho yanapoishia. Hata jua halijapanda vizuri, Ebenezer akaanza kumharakisha warudi. Priska akadhani ni haraka ya furaha. Alipoombwa ile picha kwa ajili ya kalenda ya kampuni, aliitoa kwa moyo mmoja, na jina lake akaliacha limeandikwa pembeni ya picha kama kawaida yake.

Ile Jumatano kabla ya ugomvi huu, simu yake iliita kwa namba ngeni.

"Wewe ndiye Priska mpiga picha?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Hamida, wa Kondoa. Nakupigia nikiwa nimesimama ndani ya picha yako, mwanangu. Sasa niambie, nyumba nijenge wapi?"

Priska hakuelewa. Mama Hamida akamweleza polepole, kama anayemsomesha mtoto. Yeye ni muuza nafaka. Pale stendi ya Kondoa kuna bango kubwa, mkono wa mwanamke una pete, nyuma yake nchi inapendeza, na maneno: "Anzeni Maisha Hapa." Kalipenda, kanunua kiwanja kwa simu ili watoto wake wasome karibu na mji. Leo kapanda basi kuja kukiona. Jina la mpiga picha alilisoma kwenye bango, namba akaipata mtandaoni.

Priska alichukua bodaboda mpaka mbugani. Alifika saa sita kamili, saa ya kulala, na kwa mara ya kwanza akaiona ile ardhi ilivyo. Ilikuwa nyeupe kwa magadi. Kwenye mashina ya migunga kulikuwa na alama ya maji iliyomfika kifuani. Makombe ya konokono yalitapakaa kila mahali, na katikati yake vigingi vya viwanja vimepangwa mistari mizuri kabisa. Mama Hamida alikaa kando ya kigingi chake na mwavuli.

"Mfugaji mmoja kapita hapa na mbuzi wake," alisema. "Ananiambia masika wanavua kambale. Hapa nilipokaa."

Priska alimwomba radhi, akasema hakujua. Mama Hamida akamtazama sana, akasema anamwamini, maana mtu anayejua angebadilisha namba ya simu. Kisha Priska akasimama palepale alipovalishwa pete, akainua kamera, akapiga.

Jioni alimfuata Ebenezer kwake. Hakukaa.

"Ulijua?"

"Nilijua kwamba masika yakiwa makubwa, maji hufikafika," Ebenezer alisema. "Si kila mwaka, mpenzi. Na sasa hivi kila mtu anauza. Tusipouza sisi atauza mwingine."

"Na ile alfajiri tulipokwenda, ulinipeleka kunivisha pete au ulinipeleka nikupigie picha za bango?"

Ubaya wa Ebenezer ni kwamba hakuwa mtu mwongo mwongo, ukimkaba alijibu.

"Kampuni ilitaka picha, na pete nilikuwa nayo mfukoni. Nikaona safari ni moja."

Kauli hiyo ilimchoma Priska kuliko bango lenyewe. Alitamani amrushie kitu, akakosa cha kurusha. Alivuta pumzi, akamwambia neno ambalo wanawake wengi wangelimeza: wawaite wanunuzi wote, Ebenezer awaeleze kwa kinywa chake, halafu aache kazi. Akifanya hivyo, yeye ataolewa naye bila ukumbi, bila keki, hata kwa gauni la kuazima.

"Unataka tuanze maisha sina kazi?"

"Ndiyo. Na mimi nitapiga harusi mbili kila wiki mpaka upate nyingine."

"Mapenzi hayalipi kodi ya nyumba, Priska."

"Basi tutakaa kwa mama."

Ebenezer alicheka, akidhani ni utani. Priska aliondoka bila kuaga. Alijua kitu kimoja ambacho kilimnyima usingizi: nusu ya kamati yao ya harusi, ndugu na wanakwaya, walikuwa wameshauziwa viwanja hivyohivyo kwa "bei ya ndugu." Watu waliokuwa wakimchangia harusi ndio waliokuwa wakizama. Ijumaa asubuhi akaituma ile picha ya mchana kwenye kundi la kamati, pamoja na ile ya bango, akaandika: "Ni mahali pamoja. Moja nimepiga jua likichomoza, nyingine saa sita. Kabla ya kujenga, nendeni mkaone wenyewe."

Ndipo ikaja ile simu ya futa, sifuti. Na baada ya simu, kundi likamwonyesha ujumbe: "Ebenezer amekuondoa."

Bibi harusi kaondolewa kwenye kamati ya harusi yake mwenyewe! Priska alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukubali kukata. Mama yake akamkuta hivyo. Aliisikiliza habari yote amesimama mlangoni, kanga mkononi.

"Mwanangu, ng'ombe wa mahari wameshagawanywa. Mjomba wako wa Chemba ng'ombe wake keshamuuza."

"Najua, mama."

"Mwanaume hafichuliwi na mkewe."

"Mimi si mkewe bado."

"Na ukiendelea hivi hutakuwa."

"Mama, ningekuwa nimeshaolewa, ungeniambia ninyamaze mpaka watu wajenge?"

Mama alikwenda jikoni, na sufuria zikasikika kwa muda mrefu kuliko mapishi yenyewe.

Jumamosi Ebenezer alikuja. Amenyoa, amevaa vizuri, lakini macho mekundu. Alimshika Priska mikono yote miwili, na Priska hakuitoa, maana mikono ile aliipenda. Akamwambia bosi amekubali kuliondoa jina la Priska kwenye mabango. Kilichobaki ni kidogo tu. Kesho baada ya ibada, kamati itakaa, na Priska aseme alichanganya picha zake, kwamba ile ya mchana ni ya sehemu nyingine.

"Ukisema hivyo, wiki ijayo tunafunga ndoa. Usiposema, mimi hiyo siku kanisani sitakuja."

"Unanitisha, Eben?"

"Nakubembeleza. Nimekosa njia nyingine."

"Njia nilikupa Jumatano."

Ebenezer akaegemeza paji la uso wake kwenye la Priska, akakaa hivyo kitambo, halafu akaondoka. Usiku Priska aliandika ujumbe, "Nakupenda, usinifanyie hivi," akautuma. Ebenezer akajibu: "Nami nakupenda. Sema tu hilo neno moja." Priska akausoma ujumbe huo mara nyingi, na kila alipousoma hasira ikapanda hatua moja mpaka mapenzi yakakosa pa kukaa.

Jumapili kanisa lilijaa. Habari za kundi zilikuwa zimeshavuka mitaa, na waliokuja kwa ajili ya mahubiri siku hiyo walikuwa wachache. Ebenezer alikaa upande wa wanaume, safu ya mbele. Priska alikaa na mama yake. Ibada ikaenda, nyimbo zikaimbwa, mwishoni Mchungaji Obedi akafungua karatasi ya matangazo. Alitangaza mkutano wa akina mama, ukarabati wa choo, kisha akafika kwenye ndoa.

"Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho ndoa ya Ebenezer na Priska, wote wa kanisa hili. Kama yupo anayejua sababu ya haki ya kuwazuia hawa wawili wasioane, na aseme sasa."

Kwa kawaida hapo mchungaji huhesabu pumzi moja na kuendelea. Alikuwa ameshaanza kukunja karatasi.

"Mimi nipo," Priska alisema, akasimama.

Watu wakageuka. Wengine wakacheka, wakidhani bibi harusi amepitiwa.

"Priska, kaa binti yangu. Ni wewe ninayekutangaza."

"Najua, mchungaji. Ndiyo maana nimesimama mwenyewe."

Vicheko vikafa. Mchungaji Obedi alivua miwani. Katika utumishi wake wote alishaona wake wa siri wakisimama, na watoto wa nje wakiletwa mgongoni. Bibi harusi kujizuia mwenyewe lilikuwa jipya, na kitabu cha ibada hakikumwambia afanye nini. Akamwambia ataje sababu.

"Ebenezer ameniambia nikitaka anioe, leo niwadanganye ninyi. Niseme ile picha ya mchana si ya viwanja vyenu." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Ni ya viwanja vyenu. Mwanaume nampenda, sikatai, lakini kwa bei hiyo simtaki. Asiyeniamini asinisikilize mimi. Tukitoka sasa hivi, tutafika jua likiwa bado kichwani."

Ebenezer alisimama, akaita jina lake mara moja, akaketi tena. Kisha mama yake Priska akainuka pembeni ya binti yake, kajifunga kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya harusi, akawageukia watu.

"Nani ana gari lenye nafasi?"

Mzee mmoja wa kwaya akanyanyua ufunguo. Akafuata mwingine, na mwingine. Nje, vumbi likatimka, magari yakajipanga barabarani kama ya msafara wa harusi. Ebenezer alimkuta Priska mlangoni mwa gari la kwanza.

"Ungeniambia faraghani."

"Nilikwambia faraghani, Eben. Mara mbili."

"Unadhani nani atakuoa baada ya leo?"

"Hilo sijui." Priska akasogea ndani, akaacha nafasi pembeni yake na mlango wazi. "Panda. Twende uwaonyeshe wewe, waambie wewe, na mimi nitasimama pembeni yako wakikutukana. Ukipanda, namrudia mchungaji jioni hii hii."

Ebenezer aliiangalia ile nafasi. Alitazama magari nyuma, akatazama simu iliyokuwa ikiita mkononi mwake, jina la bosi linawaka. Mkono wake ulishika mlango. Priska aliona kabisa jinsi alivyotaka kupanda, na hilo hatalisahau.

"Siwezi," alisema.

"Basi funga mlango, vumbi linaingia."

Akaufunga. Priska alilia njia nzima, kwa sauti, bila kujificha, na mama yake akampakatia kamera. Walipofika mbugani watu wakashuka na nguo zao za ibada, wakabaki wamesimama karibu na magari, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga ule weupe. Priska akajifuta uso kwa kanga ya mama yake, akatangulia.